Mke wa Langoni

Binamu yangu Dominic Odhiambo alipenda maua kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumjua, na nyumbani tulimcheka kwa hilo tangu zamani. Kabla ya kwenda Uarabuni alikuwa mkataji wa mawaridi kule Naivasha, kwenye zile nyumba ndefu za plastiki, na huko ndiko alikompata mkewe, Rita, aliyekuwa akiyafunga maua hayo hayo kwenye mafungu. Wengine hukutana na wake zao kanisani au matangani. Yeye alikutana na wa kwake akichomwa miiba. Sasa mtu wa namna hiyo mpeleke Riyadh, mji uliozungukwa na mchanga pande zote, uone kama hatalifuata ua lolote litakalothubutu kuchanua.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa kwetu wana midomo. Hakwenda bustanini kutafuta mwanamke. Mama zetu ni ndugu, tumekula sufuria moja, namjua. Aliyonisimulia yeye nitasema alinisimulia, na niliyoyaona mwenyewe nitasema niliyaona.

Alikuwa dereva wa familia. Asubuhi watoto shule, mchana madam sokoni, jioni baba kwa marafiki zake. Alilala kwenye chumba kidogo kilichoshikana na lango la nyumba, chenye kidirisha cha kupitisha paka. Wafanyakazi wengine wa nyumba ile walikuwa Wafilipino na waliongea lugha ya kwao. Angeweza kumaliza juma zima bila kutamka sentensi iliyozidi "na'am, baba". Ijumaa alasiri familia ilipokwenda kwa babu yao na mtoto mkubwa wa kiume kwenye usukani, yeye alipata nafasi mpaka magharibi. Nafasi ya kwenda wapi, na nani? Aliniambia kwamba saa hizo za mapumziko ndizo zilizomchosha kuliko kazi.

Baridi ikiisha, kabla joto halijaanza kuua watu, mji ule hutandika maua. Ni kutandika kweli. Uwanja mzima hufunikwa mekundu, meupe, ya zambarau na ya manjano, yamepangwa kwa michoro kama mkeka, na watu hupita kandokando wakipiga picha. Mwaka ule, ilikuwa 2014, Dominic aliuona uwanja huo akiendesha gari, watoto wa bosi wakigombana nyuma, na moyo ukamruka. Ijumaa iliyofuata akavaa shati lake la kitenge, akajipaka mafuta, akaenda.

Askari wa langoni alimtazama mara moja tu. "Awail, bas," akasema, yaani familia tu. Wanaume wasio na familia, azab kama wanavyoitwa kule, walikuwa na siku yao katikati ya juma, siku ambayo hakuna dereva wa nyumbani anayeachiliwa. Dominic alizunguka ua wa waya, akaingiza vidole kwenye matundu, akayatazama maua kwa mbali mpaka askari mwingine akamwambia yalla, ondoka. Alirudi chumbani akajilaza na viatu vyake.

Asiyekaa ugenini ataona ni jambo dogo. Lakini ukishazoea kufungua lango la mwenzio asubuhi na kulifunga jioni, halafu siku yako mwenyewe ikifika unaambiwa simama hapo nje, kuna kitu ndani yako kinanywea. Mimi kimeninywea mara nyingi.

Ijumaa ya pili alirudi, bila matumaini yoyote, kuangalia tu. Karibu na nguzo ya lango alisimama mwanamke. Abaya nyeusi, uso umefunikwa, glavu nyeusi mikononi. Kule wanawake wengi huvaa hivyo na hakuna la ajabu. Hakuwa na mkoba, hakuwa na simu. Dominic alipompita alisikia Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea.

"Kaka. Sema uko na mimi."

Alipaswa kukataa. Wanaume wamelala ndani kwa kutembea na mwanamke asiye wao, na yeye alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa hajasikia Kiswahili uso kwa uso kwa majuma mengi, na masikio yake, aliniambia, yalikubali kabla ya kichwa. Alidhani ni dada wa kazi aliyepewa ruhusa, asiye na wa kumsindikiza.

Askari akauliza huyu ni nani wake.

"Mke wangu," Dominic akasema.

Askari aliinamisha macho kwa adabu, kama wafanyavyo mbele ya mke wa mtu, akasogea pembeni. Hakuomba ikama, kile kibali cha kuishi, wala kitu kingine. Wakaingia.

Alisema ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote alizopata kule. Walitembea polepole kando ya mkeka ule wa maua, hatua zao zikilingana. Yeye alieleza na mwanamke akasikiliza. Alimwambia habari za Naivasha, jinsi waridi linavyokatwa kabla halijafunguka, jinsi mikono inavyonuka dawa hata ukilala. Alimnunulia aiskrimu. Mwanamke aliishika bila kuinua kitambaa cha uso, akaishika mpaka ikayeyuka yote, na glavu ilibaki kavu. Dominic aliliona hilo, akalipuuza.

"Unaitwa nani, dada?"

"Priscah."

"Kwenu wapi?"

"Si mbali na kwenu."

Akampa simu ampige picha kwa ajili ya Rita. Adhana ya magharibi ilipolia walitoka pamoja, na mwanamke akasimama pale pale kwenye nguzo. "Mimi nabaki hapa," akasema. Dominic akadhani anangojea gari la mabosi wake. Alipogeuka kutoka ng'ambo ya barabara bado alikuwa amesimama, na watu walikuwa wakimpita kama wanavyoipita nguzo.

Rita alizifurahia picha. Aliwaonyesha majirani mumewe kati ya maua, akaandika kwamba amenona, akaulizia mbegu. Ijumaa zilizofuata zikaja nyingine: Dominic kwenye bustani yenye chemchemi, Dominic chini ya tao la maua meupe, Dominic amechuchumaa akinusa. Kila lango alilokwenda, Priscah alikuwa amefika kabla yake. Na kila lango Dominic alisema maneno yale yale, mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika.

Halafu Rita akapiga simu.

"Picha ni nzuri," akasema. "Lakini nani anakupiga?"

"Mtu tu. Mpita njia."

"Mpita njia yule yule kila juma? Kidole chake kinaingia kwenye picha zote, Dominic. Angalia pembeni, chini."

Dominic aliangalia. Ilikuwa kweli. Kwenye kila picha, kona ya chini, kulikuwa na ncha ya kidole cheusi.

Hakumficha. Alimwambia ni dada mmoja Mkenya, wanasaidiana kupita langoni, basi. Rita akasema anamwamini, lakini afadhali atafute mwanamume mwenzake wa kutembea naye. Rita si mtu wa kelele. Alichotaka ni mume wake arudi kama alivyoondoka, na alikuwa amemngoja kwa uvumilivu ambao mimi sijawahi kungojwa nao.

Mwaka uliofuata bosi wake alihamia Jeddah kwa shughuli zake za bandarini, familia ikapanga nyumba Al-Safa, na Dominic akahama nayo. Mimi nilikuwa tayari huko, mlinzi wa ghala, naishi Bani Malik kwenye chumba tunachokitumia kwa zamu. Nilifurahi kupita kiasi. Sasa Ijumaa alikuwa akipanda teksi ya kuchangia, anakuja, tunasonga ugali wa unga wa kutafuta kwa tochi, tunawasema watu wa nyumbani mpaka mbavu zinauma. Nilimwona amekonda. Nikamtania kwamba labda maua ya Riyadh yalikuwa yakimla yeye. Hakucheka.

Huko Riyadh hakumuaga Priscah. Aliniambia kwamba aliona haya, lakini moyoni alishukuru kwa umbali ule, maana ni barabara ya kutwa nzima jangwani, na mambo ya mwisho mwisho yalikuwa yameanza kumsumbua. Ni maswali ya yule mwanamke. Mwanzoni aliuliza kama amejenga. Dominic akasema ndiyo, nyumba ya mabati, yake mwenyewe. Juma jingine akauliza lango la boma linatazama wapi. Juma jingine akauliza kama Rita ametoka ukoo gani na kama amezoea pale. Na Ijumaa ya mwisho, wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa saruji kando ya maua ya zambarau, alinong'ona:

"Mkono wa kushoto wa nyumba yako kuna nini?"

"Kuna mawaridi. Rita amepanda."

"Yatang'olewa?"

"Kwa nini yang'olewe?"

Akayageukia maua.

Nilikuwa na mwiko mkononi niliposikia hilo na nikauweka chini. Kwetu, ukisimama mlangoni mwa nyumba yako ukitazama nje, mwanamume atazikwa mkono wa kulia na mkewe mkono wa kushoto. Kila mtoto wa kwetu anajua. Rita, aliyelelewa Naivasha, hakujua alipopanda mawaridi yake pale, na mama mkwe alinung'unika siku nzima. Mwanamke haulizi habari za mkono wa kushoto kwa sababu ya kupenda bustani.

"Umewahi kumwona uso?" nikauliza.

"La."

"Umewahi kumwona akila? Akinywa maji?"

"Wacha hizo, omera. Yuko Riyadh, sisi tuko hapa. Halas."

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na maonyesho ya maua upande wa baharini. Mimi nilikuwa zamu. Dominic alikwenda peke yake, akijiambia kwamba Jeddah si Riyadh, huenda watamwacha aingie. Aliporudi Bani Malik alikaa kitandani kwangu na kutazama ukuta. Askari alisema awail, bas. Na kutoka nyuma ya nguzo ya lango, sauti ile ikasema, "Umechelewa leo."

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Niliingia naye."

"Dominic."

"Nilikuwa peke yangu, Japheth. Na yeye alikuwa peke yake."

Sikumtukana, ingawa tusi lilikuwa mdomoni. Nilimpeleka kwa Anti Jael, mama wa makamo aliyekaa kule miaka mingi, ambaye tulisali chumbani kwake kwa sauti ya chini, pazia limefungwa. Ndiye aliyekuwa akichangisha watu anapokufa Mkenya. Alitukaribisha chai. Dominic alisimulia, na alipofika kwenye jina, kijiko cha Anti Jael kikasimama ndani ya kikombe.

"Priscah gani?"

"Hajasema wa nani. Ana sauti kama amelala njaa. Anavuta mguu wa kushoto kidogo."

Anti Jael akaanza kulia bila sauti. Nilimjua kama mwanamke mgumu na sikujua nitazame wapi.

Alisema miaka kadhaa kabla Dominic hajaingia Saudia, yeye mwenyewe alikuwa Riyadh, na nyumba ya jirani alifanya kazi msichana aliyeitwa hivyo. Si msichana sana, umri ulikuwa umempita na hakuwa ameolewa. Mabosi wake walipokwenda kwenye maua walimchukua asukume kigari cha mtoto mpaka langoni, halafu wakamwacha hapo alinde vitu, wao wakaingia. Miaka yote hiyo hakuwahi kuyaona yale maua kwa karibu. Akaugua kichwa, kwa siku chache tu, akafa. Anti Jael alipowapigia kaka zake nyumbani ili wamsafirishe, walisema hapana. Binti mkubwa aliyekufa bila mume hazikwi ndani ya boma la baba yake, hiyo wote tunaijua, huwekwa nje ya ua. Lakini hawa hata nje ya ua hawakumtaka. Wakauliza, hana mume, tutamweka wapi? Akazikwa huko huko mchangani.

"Alikuwa na neno lake," Anti Jael akasema. "Alikuwa akiniambia, Jael, mimi sitaki mali. Nataka mtu mmoja aseme mbele ya watu kwamba mimi ni wake. Nitamfuata mpaka kwake."

Kile chumba kilikuwa na joto, lakini niliona vinyweleo vya mkono wa Dominic vimesimama.

Anti Jael alipangusa uso, akarudi kuwa yule mgumu. Alimwambia Dominic kwamba ulimi wake ndio uliofunga na ulimi wake ndio utakaofungua. Aende kwenye lango, askari akimuuliza, aseme kwa sauti: huyu si mke wangu, simjui. Kisha asiingie. Ageuke aende zake. "Na ufanye upesi," akasema. "Kabla hajafika mkono wa kushoto wa nyumba yako. Rita yuko pale peke yake."

Dominic akaitikia. Akasema jina la Rita mara mbili, kama mtu anayejikumbusha njia.

Nikaomba ruhusa kazini, Ijumaa nikaenda naye. Hapa sasa ni niliyoyaona mimi.

Jua lilikuwa bado kali. Familia zilipanga foleni na watoto na vikapu, na upepo wa bahari ulileta harufu ya maua mpaka barabarani. Dominic alitangulia, mimi nyuma yake. Karibu na nguzo alipunguza mwendo, akageuza kichwa kidogo upande wa kushoto. Hapakuwa na mtu. Naapa hapakuwa na mtu.

Lakini foleni ilifunguka. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu alimvuta mwanawe kwa bega, akaacha nafasi. Kijana wa nyuma yake akainamisha macho. Waliacha nafasi upande wa kushoto wa Dominic, nafasi ya kutosha mtu mmoja, na nafasi hiyo ikaenda pamoja naye hatua kwa hatua. Nikatazama chini. Upepo ulikuwa umemwaga mchanga mwembamba juu ya njia. Kulikuwa na alama za viatu vya Dominic. Kando yake kulikuwa na alama pana, laini, ya pindo la nguo linaloburuzwa. Nyayo hazikuwepo.

Nilitaka kumshika shati. Mkono haukuinuka.

Askari alimtazama Dominic. Kisha akatazama ile nafasi, na akainamisha macho.

"Huyu mkeo?" akauliza kwa Kiarabu chao.

Nyuma yetu mtoto alilia. Dominic alifungua mdomo. Niliona jasho linamtiririka shingoni. Akatazama kushoto, akatazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika. Nilitegemea kuona hofu. Nilichoona ni huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Ndiyo," akasema. "Mke wangu."

Akaingia. Nilipotaka kumfuata, mkono wa askari ulinizuia kifuani. "Azab mafi," akaniambia, yaani asiye na familia haingii. Yule yuko na mkewe, wewe je?

Nilisimama kwenye waya, vidole kwenye matundu, kama alivyosimama yeye mwanzo. Nilimwona akitembea kando ya maua mekundu, polepole, akielekeza kwa kidole, akieleza. Nilimwona akicheka. Nilimwona akisimama, akipanga kola yake, akinyoosha simu mbele yake apokelewe. Hapo niligeuza uso. Sikutaka kuona kama simu itaanguka, na sikutaka kuona kama haitaanguka.

Alipotoka magharibi nilimkamata bega. "Kwa nini?"

"Alinishika mkono," Dominic akasema. "Akaniambia, usiniache langoni." Alinitazama macho yakiwa mekundu. "Mimi najua lango, Japheth. Nilishindwa."

Nilimwambia amemuuza Rita. Ndivyo nilivyosema, na sijutii. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alijua ameyamwaga wapi.

Haukupita muda Rita akanipigia mimi. Alisema hataki kumtia Dominic wasiwasi akiwa barabarani. Mawaridi yake yalikuwa yanakauka ingawa anayamwagilia, na ardhi pale ilianza kuvimba. Alidhani ni fuko. Alichimba kwa jembe akakuta udongo mkavu, mweupe, laini, ambao si wa kwetu. Udongo wa kwetu ni mwekundu, mtu yeyote aliyepita Siaya anajua. Huu, alisema, ulikuwa kama mchanga wa kusugulia sufuria.

"Na kuna jambo jingine," akasema, akishusha sauti kama kuna anayesikiliza. "Kila asubuhi nakuta viatu vyangu nje ya lango."

"Nje ya mlango?"

"Nje ya lango, shemeji. Lango la boma. Vimepangwa vizuri, vidole vinatazama barabara."

Nilimwambia avilaze chini ya kitanda. Akavilaza. Asubuhi vilikuwa nje. Akafunga lango kwa mnyororo. Asubuhi vilikuwa nje na mnyororo umefungwa. Akamleta mama mkwe alale naye. Viatu vya mama havikuguswa.

Siku ya mwisho hakukuta viatu peke yake. Mawaridi yote yalikuwa yameng'olewa na mizizi yake, hakuna hata tawi lililovunjika, yakalazwa kando ya viatu, yamefungwa kwenye mafungu. Yalifungwa kwa namna ya Naivasha, fundo lile lile analolijua yeye na mumewe. Rita alivaa viatu. Akachukua fungu moja. Akaenda kwa dada yake Nakuru na mpaka leo hajarudi.

Alinipigia akiwa ndani ya basi. Hakuwa analia. "Sikufukuzwa kwa ubaya," akasema. "Nilifukuzwa kwa heshima. Sijui ni kipi kinachouma zaidi."

Mkataba wa Dominic ulipokwisha nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Jeddah. Teksi ilipofika nilifungua mlango wa mbele akakae. Akasema hapana, atakaa nyuma. Alijisogeza mpaka dirishani, kama afanyavyo mtu anayempisha mwenzake. Dereva, Mpakistani mzee, alirekebisha kioo chake cha kutazama nyuma, kisha haraka akakigeuzia juu. Njia nzima hakutazama tena nyuma. Dominic aliponikumbatia nilihisi amekuwa mwepesi kama gunia la maganda.

"Utakuwa peke yako kule," nikamwambia.

"Peke yangu nilikuwa Riyadh," akasema.

Nilibaki Bani Malik. Ijumaa ziliendelea kuja kama kawaida yake. Nilisonga ugali wa mtu mmoja, na kiti alichokuwa akikalia Dominic nikawa natundikia nguo. Nikipita kwa teksi karibu na bustani nilitazama upande mwingine. Anti Jael aliniambia kwamba watu wa kijijini hawaingii tena kwenye boma lile. Mama yake Dominic humpelekea chakula mpaka langoni, humwita, naye hutoka akaja kukichukua. Hapo ndani hakuna mwingine, si mjakazi, si mtoto, hata mbwa alihama.

Juzi, alasiri, nikiwa nimelala kifudifudi nikisubiri zamu, simu ililia ujumbe. Ilikuwa picha kutoka kwa Dominic, bila maneno.

Amesimama mbele ya nyumba yake, mchana kweupe. Amevaa shati lile la kitenge, amenona, anatabasamu. Mikono yake yote miwili inaonekana, imeshika debe la kumwagilia. Mkono wa kushoto wa nyumba kuna kituta kirefu, kimefunikwa maua mekundu, meupe, ya zambarau na ya manjano, yamepangwa kwa michoro kama mkeka. Ni kiangazi kule, mama yangu anasema hata majani ya ng'ombe yameisha. Nyuma yake lango la boma liko wazi.

Niliitazama picha ile mpaka macho yakaniuma. Ukweli wa Mungu, katika chumba kile, kabla woga haujanifika, nilimwonea wivu.

Kisha nikaangalia pembeni, chini.

Sikumuuliza ni nani aliyempiga.